Diski Yenye Sauti ya Baba

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Mimi si mtu wa kuona mizimu. Kazi yangu ni kompyuta, na kompyuta ama inawaka ama haiwaki. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tatu asubuhi, sina homa wala sijaonja pombe, kwenye chumba cha mitambo cha redio moja ndogo hapa Gisenyi, upande wa Nengo. Mchungaji wangu aliniomba niache kuyasimulia. Nilimkatalia, na wewe nakusimulia.

Redio yetu inategemea seva moja. Ndani ya seva hiyo tumeunda kompyuta nyingine isiyoshikika kwa mkono, ipo kwa nguvu ya programu tu, na hiyo ndiyo inayotunza sauti zote na kupeleka vipindi hewani. Mwezi ule ilijaa pomoni, haikupokea hata tangazo la msiba la nusu dakika. Mkurugenzi akaagiza tufute vipindi vya zamani. Nikamwambia hapana, nitaongeza diski. Alinikazia macho, nami nikamkazia, maana vipindi vya zamani vilikuwa na sauti ya baba yangu.

Baba alitangaza pale miaka mingi, kwa Kiswahili chetu cha mpakani, hata Goma walimjua. Alifariki miaka mitano iliyopita. Nyumbani hatuna rekodi yake hata moja, na diski ya akiba ya redio iliharibika siku za matetemeko. Kwa hiyo sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani. Nikikosea kidogo, nimempoteza mara ya pili.

Diski mpya unaweza kuiongeza mashine ikiwa inaendelea na kazi, wasikilizaji wasijue chochote. Nilichagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kwa sababu asubuhi ile kila mtu yuko kwenye kazi ya pamoja, maduka yamefungwa, barabarani hapiti mtu wala gari, na studio hakuna anayerekodi. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, alinipa ruhusa ya kutokwenda. Bosco, mlinzi wetu, akanifungia geti kwa kufuli, akabaki nje akizibua mfereji na majirani. Niliwasikia wakicheka.

Nilitenga nafasi kwenye seva, nikaiunganisha, kompyuta ikaiona palepale. Muziki ulikuwa unaendelea hewani. Orodha ikanionyesha diski tatu: a ya mfumo, b ya sauti, c ile mpya tupu. Kilichobaki ni kuiandaa c, na kazi hiyo hufuta kila kilichomo. Ukiandika herufi nyingine umekwisha, mashine haina huruma. Nilikuwa nimeweka vidole tayari niliposikia mtu nyuma yangu.

"Futa b, mutoto wangu. Niko nateseka mule ndani."

Nikageuka. Mlangoni amesimama mwanamume mwembamba, koti la kahawia, uso sikuujua kabisa. Lakini sauti! Niamini, ilikuwa ya baba, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, uwanja wote matope, na viatu vyake vilikuwa safi kama vimetoka dukani. Nywele zilinisimama.

"We mutu umeingilia wapi? Leo ni umuganda!"

"Siko mutu mwingine. Niko baba yako. Kila siku munanisemesha maneno ya kitambo, sipumuziki. Futa, niende."

Wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka. Nilimpenda baba yangu kuliko mtu yeyote, na hapo nasikia anateseka kwa sababu yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekataa sauti yake ifutwe. Machozi yalinitoka. Niliandika b. Ndiyo, niliandika, sitakuficha. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, bado kubonyeza tu.

"Bonyeza," akasema, na akaniita kwa jina langu, taratibu, kwa upole.

Hapo ndipo hasira ilinipanda. Mimi nimepewa jina la bibi yangu, mama yake baba. Kwetu sisi tuliotoka ng'ambo ya mpaka, baba hawezi kumtaja mama yake hivihivi hata kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Jina langu halikuwahi kutoka mdomoni mwake nyumbani. Mara moja tu, Krismasi nikiwa na miaka saba, alinikalisha mbele ya maikrofoni akanitaja ili wasikilizaji wanijue. Na kipindi hicho kilikuwa humo kwenye diski b. Kitu kile kilimjua baba yangu kwa redio tu.

"Wee muongo!" nikapiga kelele. "Baba yangu alikuwa ananiita Mama! Hata akikasirika, Mama!"

Nikaiondoa ile herufi b, nikaandika c, nikabonyeza huku nakitazama usoni. Muziki haukukatika. Chenyewe hakikukasirika. Kilinitazama midomo ikichezacheza bila sauti, kama mwanafunzi anayekariri, halafu mlangoni hapakuwa na kitu. Bosco aliapa kufuli halikuguswa. Kwenye matope kulikuwa na nyayo zangu tu.

Nilisikiliza diski b hadi jioni. Baba alikuwepo mzima, hajapungua hata neno. Nadhani kitu kile kilitaka sauti zile zifutike ili sauti ya baba ibaki kwake tu. Lakini kwenye diski c, niliyoiandaa kwa mkono wangu ikiwa tupu, nilikuta rekodi moja ya sekunde tatu. Kikohozi kidogo, kisha: "Mama."

Mimi ndiye niliyekipa neno hilo. Najuta hadi leo. Nikiifuta rekodi ile, umuganda unaofuata inarudi, ndefu zaidi. Mwezi uliopita ilisema, "Mama, fungua mulango." Mkurugenzi ananishauri nitafute kazi kwingine. Sihami. Kila umuganda naomba ruhusa yangu, nakaa chumbani mule, kiti nimekigeuza kinatazama mlango.

Na wewe unayefanya kazi kama yangu, soma herufi ya diski mara tatu kabla hujabonyeza. Ukisikia mpendwa wako aliyekufa anakuhimiza ufute, muulize jambo la nyumbani, na jibu lake usilitamke. Mimi nililitamka. Ila lipo neno la mwisho ambalo baba aliniambia hospitalini, amenishika mkono, tukiwa wawili tu. Halijawahi kwenda hewani. Mama yangu halijui, mume wangu halijui, na wewe pia sikuambii. Atakayekuja mlangoni na neno hilo nitamfungulia, maana atakuwa ni yeye. Kile kingine na kibishe hodi mpaka kichoke.