Sauti ya Mwigaji

Mama alikuwa hagusi chakula mpaka santuri iimbe. Nikiwaambia watu hudhani natia chumvi. Tangu ugonjwa wa kusahau umshike, uji ungeweza kupoa mbele yake mpaka ukaota utando, naye amefumba mdomo kama mtoto aliyenuna. Niliposhusha sindano kwenye santuri, mabega yalianza kucheza na kinywa kikafunguka, nami nikawahi kupitisha kijiko kabla wimbo haujaisha.

Santuri yenyewe ilikuwa moja tu. Marehemu baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, na aliachiwa santuri hiyo na fundi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Kwenye jalada kuna msichana wa Kizungu aliyevaa kinguo kifupi. Katekista akija kututembelea, mama alimgeuza yule msichana aelekee ukutani. Majina ya nyimbo ni ya zile zilizovuma Ulaya zamani. Maneno ya nyuma ya jalada yalikuwa ya lugha tusiyoijua, na hakuna aliyejali. Tuliimba zote kwa Kiingereza cha kubuni, mama akiongoza huku tunakata viazi vya kukausha michembe uani.

Mwaka huu tulibadilisha bati. Mafundi wakatoa vyombo vyote nje, na santuri ikaanikwa juani kutwa nzima pamoja na magodoro. Jioni niliikuta imekunjamana kama chapati. Nilipoiweka, sauti ikatoka ya mlevi, mama akageuza uso. Ningependa kusema sikuwalaumu mafundi. Niliwalaumu, tena kwa maneno yasiyoandikika.

Kaka yangu anaishi Dar, na kwa ushauri hana mpinzani. Alisema nisihangaike na dude la kizamani, nyimbo zote zimo mtandaoni, tena zimeimbwa na wenyewe. Akanitumia kwenye simu. Nikanunua spika, nikapika uji wa ulezi, nikakaa mbele ya mama na kijiko mkononi. Wimbo ulitoka safi kabisa, kila chombo kinasikika.

"Huyu siye," mama alisema.

Nikaweka wa pili. Akaniambia nimnyamazishe huyo mtu, anapiga kelele kwenye nyumba ya watu. Ikawa hivyo kila siku. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkononi, na mimi nikaanza kuogopa kumvua nguo nikimwogesha, maana sikutaka kuziona mbavu zake. Niliogopa atakufa kwa njaa mikononi mwangu, chakula kipo.

Nikachukua jalada nikalipeleka kwa padre wa parokia, mgeni anayejua lugha nyingi. Alisema ni Kireno. Kwa maandishi madogo pale chini walikuwa wameeleza kwamba nyimbo hizi zimeimbwa na waimbaji wengine. Padre aliwakumbuka watu wa namna hiyo tangu ujana wake kwao: walikodiwa na studio kuiga nyimbo zinazovuma, santuri ikauzwa bei chee, ikachapwa nchi hata nchi, yule msichana akiwa palepale. Majina yao hayaandikwi. Basi maisha yake yote mama alimpenda mwigaji, na mwenye wimbo alipokuja mwenyewe, akamfukuza. Padre alitaka kucheka. Nikamkazia macho, akaacha.

Kaka hakukubali. Alisema mgonjwa hawezi kutofautisha, labda nimbadilishie mboga. Nilimjibu kwamba mama amesahau kama aliwahi kumzaa yeye, lakini sauti ile hajaisahau, kisha nikakata simu.

Mimi si mwimbaji. Kwaya ya kanisani walinivumilia kwa sababu nilikuwa nafua majoho. Lakini yule mwigaji namjua kuliko anavyojijua: anapovuta pumzi, anapochelewa kidogo nyuma ya ngoma, pale kwenye kibwagizo sauti inapotaka kupasuka naye anaibana. Asubuhi moja nilifunga mlango ili majirani wasisikie, nikaweka bakuli la uji mapajani, nikaimba kama yeye, kwa Kiingereza chetu cha uani.

Mabega ya mama yakacheza. Nikaimba huku nalisha, nikimaliza wimbo naanza mwingine, machozi yananitoka na sauti haisimami, mpaka kijiko kikagonga chini ya bakuli. Sijawahi kufurahi namna ile.

Mama akajifuta mdomo kwa pembe ya khanga. Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyejitahidi.

"Unaimba vizuri, mayu," alisema, kama anavyoitwa mwanamke yeyote kwetu. "Wewe ng'wana wa nani?"

Mzee akikuuliza wewe ni mwana wa nani, hutaji jina lako, unamtaja aliyekuzaa. Nikamtajia baba. Akafikiri kidogo, akasema anamfahamu, ni mtu mwema, nikifika nyumbani nimsalimie.