Nani Amekufa? Mama Nsimire na Urithi wa Ukumbi wa Barafu

Jua la Agosti bado halijapata joto huko Granville, magharibi mwa Sydney, na Nsimire Chibalonza ameshapanda juu ya mashine yake. Kofia ya sufu kichwani, kitenge juu ya suruali, barakoa kidevuni. Anauzunguka ukumbi taratibu. Kisu cha chini kinakwangua barafu iliyochanwa na viatu vya watelezaji, na nyuma yake maji ya moto yanamwagika, yanaacha uso unaong'aa kama kioo.

"Maji ya moto juu ya barafu! Hata mimi nilishangaa," anacheka. "Kule Bukavu barafu niliijua ndani ya soda tu."

Alifika Australia akiwa mkimbizi kutoka Kongo, akafanya kazi ya kupanga maboksi ghalani. Korona ilipoingia ghala likafungwa, akabaki nyumbani akihesabu misiba kwenye simu.

Kisha ghala jingine, la zamani la mazulia, likachaguliwa kuwa ukumbi wa mashindano ya barafu ya majira ya baridi ya 2022, ili lisijengwe jengo jipya la kuja kuachwa gofu. Nsimire akapata kazi humo. Lakini mpango ulisema fainali ikiisha, mitambo ing'olewe, mlango ufungwe.

Mwishoni mwa 2021 Cheryl Wangari, Mkenya wa kamati ya mipango, aliwaandikia majirani kwa Kiswahili: njooni tuzungumzie urithi wa ukumbi. Alikuwa ametafsiri neno la ofisini, legacy.

Akina mama wa Kikongo wakasoma "urithi", wakaelewa msiba. Kwa siku zile, nani angeshangaa? Wakajifunga vitambaa vyeusi, wakapika sombe, majani ya muhogo ya kupeleka matangani, wakaingia mkutanoni vichwa chini.

"Pole sana, mwanangu," Nsimire akamwambia Cheryl. "Nani amekufa?"

"Ai, Mama! Hakuna mtu amekufa!"

"Sasa urithi wa nani?" akadakia jirani yake, Mama Bisimwa, sufuria ingali mikononi. "Ama kuna mgonjwa munamugawa mapema?"

Watu wakavunjika mbavu. Cheryl akaeleza kwamba alimaanisha kitakachobaki baada ya michezo, akausoma mpango. Kwa mpango ule hakingebaki kitu.

Hapo Nsimire aliacha kucheka. "Kwetu urithi haugawanywi bila kuwaita waliomuuguza marehemu. Ukumbi huu tunaufagia sisi. Mbona mnatuita mkiwa mmeshagawana?"

"Hilo swali nililibeba vile lilivyo mpaka kwa kamati," Cheryl anasema. "Nilikuwa natafuta maneno, Mama akanipa."

Kamati ilibishana wiki nyingi, mwishowe ikakubali ukumbi ubaki.

Leo michezo imepita na ukumbi upo. Joto la mitambo ya kugandisha linapasha chumba cha pembeni wanamoimba kwaya. Barafu iliyokwanguliwa, ikiyeyuka, inamwagilia lengalenga, mchicha wa Kikongo, nyuma ya jengo. Na watoto wa mtaa wanateleza.

"Tate, watch me!" mjukuu wa Nsimire anapaza sauti akitaka bibi yake amtazame, mara chini, pu!

"Nimekuona, mama! Inuka!"

Siku hizi Nsimire anamfundisha Mama Bisimwa kuendesha mashine. "Anaogopa kona huyu."

"Siogopi. Ninaiheshimu."

"Nataka nikifa kweli, mashine isisimame hata asubuhi moja," Nsimire anasema, akimpisha mwenzake kwenye usukani. "Siku hiyo ndiyo mlete sombe. Na muipike iive."