Somo la Kulia

Mama alilia mbele yangu mara moja tu, na ni kwa sababu nilimwomba.

Vumbi la maharage makavu hunirudisha siku ile kila ninapochambua. Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi mtaa wa Gisimenti, mjini, na vita vilikuwa bado mbali, kaskazini mwa nchi. Katika mchezo wa kuigiza wa parokia nilikuwa binti wa marehemu, lakini sikuweza kulia.

"Machozi yako wapi?" katekista aliuliza. "Kesho yakikosekana, nafasi yako nampa mwingine."

"Lia basi," marehemu alininong'oneza chini ya shuka. "Nzi watanimaliza."

Nyumbani nilimkuta mama na ungo wa maharage. Kwetu watu wazima hawakulia mbele ya watoto, hata msibani. Nilimwomba anionyeshe namna ya kulia. Aliweka ungo chini, akatazama mlango. Machozi yakamtiririka bila sauti. Kisha akajifuta kwa kitenge, akaendelea kuchambua.

"Umefikiria nini, mama?"

"Maharage haya yana mawe mengi," alisema.

Kesho yake niliukumbuka uso wake, nikalia hadi marehemu akafungua jicho moja kunitazama. Mama alikuwa amekaa benchi la tatu, akitazama. Alichokifikiria siku ile hajaniambia mpaka leo.