Zamu ya Charo, Ghorofa ya Tatu

Charo hajashuka chini mwaka mmoja na miezi miwili. Hakufungwa na mtu. Ni miguu imekataa, na nyumba iko ghorofa ya tatu, pale Changamwe nyuma ya matangi ya mafuta, na ngazi zenyewe nyembamba, hata godoro lazima ulikunje ndio lipite.

Kanisa lilimnunulia kiti cha magurudumu. Tukaimba, tukapiga makofi, tukapiga na picha. Hakuna hata mmoja aliyefikiria ngazi. Mpaka leo kile kiti kiko chini mlangoni, na Hassan bawabu ndiye anayekikalia. Ukimuuliza anakwambia, "Namchungia mwenyewe, wallahi. Akishuka tu namwachia."

Mimi naitwa Ishaka. Shule niliachia darasa la saba, nikaingia ukuli, kushusha magunia kwenye malori. Kazi nilifundishwa na Charo. Wokovu pia ni yeye. Siku moja karani wa ghala aliniita mbwa, nikampiga ngumi, nikawekwa ndani. Watu wa ushirika wa kanisa wakaja wakanisomea maandiko ya hasira mpaka nikazidi kukasirika. Charo akaja na mkate na chupa ya chai. Akakaa upande wa pili wa vyuma, akaniangalia nikila. Mwisho akasema, "Hata mimi yule karani nimeshataka kumpiga. Mara tatu."

Basi, neno lake lilikuwa hilo tu. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Nilipotoka nikamfuata kanisani kwa miguu yangu, hakunivuta.

Ndivyo alivyo. Mtu akifiwa, akifutwa kazi, mtoto akilazwa, Charo yuko pale. Hapigi kelele za kuombea. Anakaa.

Halafu siku moja magunia ya ngano yakaporomoka kutoka juu ya lori yakamlalia mgongo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa lori hilo hilo. Sitaki kulisema zaidi.

Miezi ya kwanza kwake kulijaa. "Utainuka, ndugu! Utatembea!" Kila anayeondoka anamwachia ahadi, na yeye anabaki nazo kitandani, anaangalia vyuma vya dirisha. Baadaye wakaanza kupungua. Jua kali, ngazi nyingi, kazi. Zikabaki picha za simu: mikono ya kuomba, maua, mshumaa.

Sasa, ushirika wetu una sheria moja. Kila Jumapili alasiri tunakutana nyumba ya mtu, kwa zamu. Mwenye nyumba anachemsha chai, na yeye mwenyewe ndiye anatoa neno la kututia moyo, hata kama hajui kusoma. Zamu anazipanga Mama Lavender, mwenyekiti wetu, anazituma kwenye grupu.

Zamu za kwanza baada ya ajali, jina la Charo halikuwemo. Sawa, mgonjwa. Za pili mpaka za tano, halikuwemo. Za sita zilitoka Jumatatu, mimi nimekaa kitandani pake namkata kucha za miguu. Akaisoma simu juu mpaka chini, akarudi juu.

"Ishaka, niangalizie. Labda macho yangu."

Nikaangalia. Nyumba kumi na mbili. Hata Fancy, aliyehamia kwetu juzi tu kutoka Junda, yumo.

"Jina lako halimo, kaka."

Akaiweka simu kifuani. "Basi wamenizika."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Maiti ndiye anayeletewa maua, yeye haulizwi kitu." Akaigeuza simu kifudifudi. "Ruwa anakuja Jumamosi na pikapu."

Ruwa ni ndugu yake, anakaa Kaloleni.

"Kuja kufanya nini?"

"Anipeleke kwa mama. Watanibeba kwa shuka. Nikalale huko, ningoje."

"Ungoje nini?"

Akageuza uso ukutani.

Nyevu, mkewe, alikuwa mlangoni, unga mpaka viwikoni, maana yeye anauza mahamri pale chini. Akanivuta nje kwenye ngazi. "Amekataa niende naye. Anasema nibaki na biashara, na watoto wana shule. Ishaka, huyu akishuka hapandi tena. Na akifika kule, hata kula ataacha."

Nikashuka ngazi mbili mbili. Nikamkuta Hassan ameketi.

"Inuka kwenye kiti cha watu!"

"Kwani anashuka?"

"Anashuka Jumamosi! Anaenda kufa!"

Hassan akainuka kweli.

Mama Lavender alikuwa kibarazani kwake, ungo mapajani, anachagua mchele.

"Mbona mmemtoa Charo?"

"Shikamoo huna?"

"Shikamoo. Mbona mmemtoa Charo?"

"Marahaba. Hatukumtoa, mwanangu, tumempumzisha. Nyevu atachemshia chai watu ishirini, na mgonjwa humo ndani?"

"Nani aliwaambia mumpumzishe? Mwaka mzima anapumzika! Amechoka kupumzika! Na wewe mwenyewe, Mama, umepanda zile ngazi lini mara ya mwisho? Pasaka? Pasaka ipi?"

Majirani wakaanza kuchungulia. Nikangoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kurudisha. Akaweka ungo chini, machozi yakamtoka.

"Ningeenda kumwambia nini? Lavender hajapiga simu, hii wiki ya sita."

Lavender ni binti yake, yuko Uarabuni, kazi za ndani. Kila Jumapili Mama anasimama kanisani anasema mtoto anaendelea vizuri, Mungu ni mwema.

"Hata wewe hukujua, eti?" akasema. "Mimi ndiye nawatia watu moyo. Nikianza kulia mimi, nani atasimama? Tena nimpelekee mgonjwa mzigo wangu? Haya nitaificha wapi?"

Hasira yangu ikakosa pa kwenda. Ngumi nimekunja, mtu wa kumpiga hayupo.

"Mpelekee," nikasema. "Wallahi, Mama, mpelekee huo huo."

Tulipanda taratibu, kila ghorofa anasimama avute pumzi. Charo alikuwa bado ameangalia ukuta.

"Bwana asifiwe, ndugu Charo."

"Amina," akauambia ukuta.

Mama akaanza ule wimbo wetu wa siku zote. "Ndugu yangu, jipe moyo, Mungu hajakuacha, wewe utai..."

"Mama," nikasema, "si hilo."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua kilemba. Halafu akasema yote. Wiki sita. Simu inaita haishikwi. Wakala aliyempeleka hapatikani. Uongo anaousema kanisani.

Charo akashika chuma cha dirisha, akajivuta, akageuka.

"Alipopiga mara ya mwisho alisema nini?"

"Aliuliza mchicha wa nazi unatiwa nazi lini, mwanzo au mwisho."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Halafu simu ikachukuliwa. Nilisikia ikichukuliwa."

Charo hakumwambia atapiga. Hakumwambia atarudi. Alikaa naye hivyo hivyo, chini malori yanaunguruma kwenye foleni. Baadaye akafumba macho.

"Baba, Lavender yuko ndani ya nyumba ya watu na ufunguo hana. Mfungulie. Na kama leo hufungui, usimwache humo peke yake, kaa naye. Mimi najua ikoje. Amina."

Mama alilia mpaka kanga ikalowa. Mimi nikaangalia dirishani, kwa sababu zangu mwenyewe.

Mama alipomaliza akafunga kilemba. "Jumapili hii ni kwa Fancy. Nitamwomba akupishe."

"Watu ishirini hawaingii humu."

"Watakaa ngazini."

"Na neno nitoe mimi?"

"Kwani sheria huijui?"

Nyevu akasema kutoka mlangoni, "Vikombe waje navyo, mimi ninavyo sita."

Charo hakucheka. Hakusema anabaki, hakusema anaenda.

Jumamosi asubuhi pikapu ikapiga honi chini. Ruwa na wanaume wanne, shuka begani. Nyevu akaacha mahamri kwenye mafuta, yakaungua, wala hakugeuka. Charo akashika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili, akajiinua mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Ruwa! Rudi ulikotoka na gari yako! Kesho nina wageni!"

"Wageni gani? Nimetoka Kaloleni alfajiri kwa ajili yako!"

"Ni zamu yangu!"

"Na baada ya kesho?"

Charo akaangalia chini. Hassan alikuwa amesimama kando ya kile kiti kitupu, anakifuta vumbi.

"Baada ya kesho uniulize tena," akasema, lakini polepole, sidhani Ruwa alisikia. Mikono ikaachia vyuma, akaanguka kwenye mto, jasho linamtoka.

"Ishaka, nipe Biblia. Sijui hata nitawaambia nini."