Ulezi Uliomwagika Njia ya Makoko

Kuna aibu ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuipata mbele za watu, na mimi niliipata mchana kweupe, mbele ya tarumbeta, spika mbili kubwa, mgeni rasmi, akina mama wa makanisa ya Musoma, Bunda na Butiama, na kuku. Nawataja kuku kwa sababu ndio waliojua kabla ya watu.

Mimi ni mama wa Kiabakari, mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi nimefundisha darasa la akina mama pale kanisani kwetu. Wananiita Mama Nyangeta, kwa jina la binti yangu wa kwanza anayeishi Mwanza. Miaka kadhaa iliyopita nilikutwa na saratani ya titi, hospitali ya Mwanza wakanikata ziwa la kushoto, Mungu akanirudishia uhai, ninamshukuru kila asubuhi. Ila jambo hilo walilijua watu wawili tu, mume wangu na Nyangeta. Wengine wote waliambiwa nimekwenda kumsaidia binti yangu aliyejifungua (na kweli alikuwa amejifungua, kwa hiyo nilijipa moyo kwamba sikudanganya sana). Niliporudi nikaanza kuvaa magauni mapana, na ndani ya sidiria nikawa naweka pamba iliyofungwa kwenye kitambaa, na maisha yakaendelea, nikaimba, nikafundisha, nikazika watu, hakuna aliyeuliza.

Sasa kulikuwa na Bhoke. Bhoke ni binti wa kwaya yetu, mama wa watoto wadogo, mke wa Chacha fundi wa pikipiki hapo barabarani. Mwaka huu alisikia uvimbe kwenye titi, akapimwa, akaambiwa aende Mwanza akapasuliwe mapema, na akakataa. Nilikwenda kwake mara nyingi, tukaomba, nikamweleza kwamba Mungu anatumia mikono ya madaktari pia, nikamweleza habari ya imani na ujasiri kwa utaratibu wote niliofundishwa chuo cha dini. Siku moja aliniacha nimalize, akanijibu taratibu huku anachambua mchele, "Mama, wewe unatuambiaga hivyo kwa sababu una mwili wako wote. Mimi nikirudi nimekatwa, Chacha ataniangaliaje?" Nilikuwa nimekaa mbele yake na pamba yangu ndani ya nguo, nikanyamaza, kisha nikaomba sala ya kufunga na kwenda nyumbani.

Ndipo likaja tangazo la matembezi ya hisani ya kupambana na saratani ya matiti, kuanzia Makoko mpaka uwanjani mjini Musoma, na huko uwanjani kungekuwa na madaktari na wanawake waliopona watakaotoa ushuhuda. Nikaona hii ndiyo njia Mungu ameiandaa, Bhoke atawasikia wengine wakisema yale ambayo mimi sikutaka kuyasema. Nikamwomba twende, akakubali, kwa sharti kwamba atatembea tu, asibembelezwe.

Balaa lenyewe lilianzia kwenye fulana. Walitugawia fulana za waridi, nyepesi, za kubana, siyo gauni la kujificha ndani yake. Nikaijaribu nyumbani na pamba yangu, nikatembea sebuleni kwenda na kurudi, nikaona upande wa kushoto unapanda juu kila ninapopiga hatua (pamba haina uzito, haitulii mahali pake). Nikawaza, nikaingia jikoni, nikauona ulezi wa uji. Nikachota, nikashona kifuko cha kitenge chakavu, nikaujaza, nikaupima mkononi. Uzito ulikuwa sawasawa kabisa. Nikajiangalia kwenye kioo, nikajiona mwanamke mzima, na niseme ukweli, nilifurahi. Mume wangu alipita mlangoni akaona, akaniuliza kama uzi ule una nguvu. Nikamwambia mambo ya cherehani aniachie mimi.

Pale Makoko tulipangwa kwa mistari. Kwa kuwa mimi ni mzee nikapewa heshima ya kushika bango la mbele kabisa, upande mmoja mimi, upande wa pili nikaomba apewe Bhoke ili niwe karibu naye. Mbele yetu kulikuwa na tarumbeta na gari lenye spika, na juu ya gari mshereheshaji, kijana mchangamfu asiyejua kunyamaza. Mgeni rasmi, mama mmoja mpole, alitembea pembeni yetu. Nyuma yangu kabisa alikuwa Mama Pendo, muuza samaki wa hapo hapo Makoko, ambaye sijawahi kumwona akipitwa na jambo.

Tulipoanza kupanda kilima nikasikia kitu kinateremka tumboni, taratibu, kinawasha kidogo. Nikadhani ni jasho. Kikaendelea, kikafika kwenye sketi, na nilipotazama chini nikaona punje nyekundu zinadondoka juu ya kiatu changu. Nikataka kuweka mkono kifuani, lakini mikono yote miwili ilikuwa kwenye mti wa bango na upepo wa ziwani ulikuwa unalivuta, nikiachia linaanguka na msafara wote unasimama. Basi nikaamua kutembea kwa kubana bega, nimeinama upande mmoja kama mtu aliyepigwa, nikimwomba Mungu aufunge ule uzi kwa muujiza (nimewahi kuombea wagonjwa mahututi, lakini sijui kama nimewahi kuomba kwa bidii namna ile).

Kuku walitoka kwenye ua wa nyumba moja, wakaanza kudonoa nyuma yangu. Wakatufuata, wakaja na wengine wa nyumba ya jirani. Nikasikia akina mama nyuma wanacheka, halafu sauti ya Mama Pendo ikaja juu ya tarumbeta.

"Mama Nyangeta, mbona unamwaga ulezi? Unapanda shamba au unalisha kuku wa watu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema lolote, hata kwamba sijui. Lakini mdomo wangu, huu huu unaofundisha akina mama kusema kweli, ukasema, "Nimemletea mgeni rasmi ulezi wa uji. Mfuko umetoboka."

Nilidhani litaishia hapo. Mama Pendo akapaza sauti kumwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mwingine, likafika kwenye gari, na mshereheshaji akalichukua kwa furaha yote akalitangaza kwa spika, kwamba jamani, mama yetu kutoka Kiabakari ametembea na zawadi ya ulezi wa shambani kwake, huo ndio upendo wa watu wa Mara, na tukifika uwanjani ataikabidhi mwenyewe kwa mikono yake. Watu wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi akanigeukia akanishukuru, akaniambia hajanywa uji wa ulezi tangu mama yake afariki. Nami nikamwambia karibu. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo natamani kujifunika shuka.

Bhoke alikuwa ananitazama kifuani, kisha barabarani, kisha kifuani tena.

Tulipofika uwanjani ulezi ulikuwa umekwisha wote. Nikakimbilia kutafuta choo, lakini mama mmoja wa kamati akanishika mkono akanipeleka mbele, akidhani naona haya. Mshereheshaji akanikaribisha kwa maneno mengi, akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo wangu, akauliza kwa mzaha, "Sasa mama, ulezi wenyewe uko wapi, au kuku wamemaliza?"

Watu walicheka, na hawakucheka kwa ubaya. Nikasimama pale na fulana yangu ya waridi, upande mmoja umejaa na mwingine umelala bapa, na kila aliyetaka kuona aliona. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, kwamba ndiyo, umemwagika wote, nitaleta mwingine wiki ijayo, na ungeaminiwa, na ningerudi nyumbani na siri yangu. Nikamtafuta Bhoke kwa macho. Alikuwa kwenye kivuli cha hema, hacheki, amejishika titi lake mwenyewe kwa kiganja bila kujua kwamba amejishika.

Nikasema, "Sikuleta zawadi. Nimedanganya. Mimi nilikatwa ziwa kwa ugonjwa huu, na ulezi ule niliushona kwenye kifuko nivae mahali pake, msijue. Mnisamehe. Na Mungu anisamehe."

Mtu mmoja nyuma kabisa alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Mshereheshaji, ambaye tangu Makoko hakuwa amefunga mdomo, alikizima kipaza sauti na kukiweka mezani. Mgeni rasmi hakunihubiria wala hakunikumbatia, alisimama tu kando yangu akanishika mkono mbele za watu, akaushika muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nilikuwa nasikia upepo unapita kwenye fulana, upande ule.

Nilipotazama tena kwenye hema, Bhoke hakuwapo.

Nilimkuta nyuma ya hema, amekaa kwenye kreti za soda. Nilitegemea (nisiwafiche, mtu ana kiburi hata katika kutubu) kwamba atanipa pole na kuniambia nimemtia moyo. Hakuinuka.

"Tangu lini, Mama?"

Nikamwambia tangu lini.

"Kwa hiyo siku zile zote unakuja kwangu ulikuwa unajua. Nimelala peke yangu na hofu hii, nikadhani hapa Kiabakari hakuna hata mwanamke mmoja aliyekatwa akaishi. Na wewe upo hapo, unaimba na mimi kwenye kwaya." Sauti yake haikupanda. "Ulikuwa unaniombea nini, Mama?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikulitafuta jibu kwenye mafundisho. Nilimwambia nilikuwa naona haya. Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. Upande wa pili wa hema kwaya ya Bunda ilikuwa inaimba.

Baadaye akasema, "Nionyeshe."

Nikatazama kama kuna mtu, nikainua fulana. Aliangalia kovu kwa muda, hakukwepesha macho. Akaniuliza kama linauma, nikamwambia siku za baridi linavuta kidogo. Akaniuliza kama mkono unafanya kazi, nikauinua juu, akauona. Halafu akauliza lile swali ambalo nadhani ndilo alilokuwa nalo tangu mwanzo.

"Mzee wako alisemaje alipoliona?"

"Hakusema kitu," nikamjibu. "Mkono ulikuwa hauinuki, nilikuwa siwezi kufunga vifungo vya blauzi. Akawa ananifunga yeye kila asubuhi, kimoja kimoja, na vidole vyake vile vya kushika ng'ombe. Alikuwa anavikosea, anaanza upya. Alifanya hivyo mpaka mkono ulipopona."

Bhoke akaangalia chini. "Naomba mje kwetu, wewe na yeye. Chacha hawezi kulielewa hili nikimwambia mimi."

Tulikwenda Jumapili iliyofuata baada ya ibada. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na njia nzima hakuniuliza atasema nini, wala sikuthubutu kumfundisha. Walikaa wawili ndani, yeye na Chacha, mimi na Bhoke tukabaki nje tunamenya mihogo ambayo hakuna aliyeihitaji. Hatukusikia lolote. Nilijaribu kuomba nikashindwa kupanga maneno, nikabaki namwambia Mungu jina la Bhoke tu, nalirudia. Mara Chacha akatoka, macho mekundu, akanawa mikono kwenye ndoo ingawa haikuwa michafu. Hakumtazama mke wake, alinitazama mimi.

"Mama, basi la kwanza la Mwanza linapita hapa saa ngapi?"

Bhoke akaweka kisu chini.

Amepasuliwa, na bado anaendelea na dawa, anachoka, nywele zimeondoka, na mimi si daktari niwaambie mwisho wake. Ananisemesha vizuri, ingawa hajaniambia kwamba amenisamehe, na simharakishi. Mama Pendo naye kila tukikutana mjini ananiuliza habari za shamba langu la ulezi, na mimi namuuliza habari za kuku wa Makoko. Utani huo nitaubeba mpaka kaburini.

Ila nimeapa jambo moja na ninalishika. Wananiita bado kuombea akina mama wanaoumwa, huku Kiabakari, wakati mwingine hata Kiriba, na ninakwenda. Nikifika, kabla sijafumba macho, namwambia mgonjwa mimi nilikatwa nini na wapi. Wengi wanashtuka. Nasubiri washtuke hadi wamalize, kisha tunaomba.