Breki Alizotengeneza Ndugu Yangu

Ndugu yangu mdogo aliuawa kwa sababu ya gari, na gari hilohilo ndilo lililonipeleka kumzika. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, la mashindano, la chini kiasi kwamba nilipoketi magoti yalinikaribia kifua. Mwenye gari alikuwa kijana wa watu wenye mali. Njia nzima tulikuwa wawili tu. Jeneza lilikuwa limetangulia na basi la kukodi, pamoja na majirani zangu wa mtaa wa Sarang'ombe jijini.

Ndugu yangu alikuwa fundi wa breki katika gereji moja Kawangware. Kijana alileta gari, akaenda kula. Aliporudi hakulikuta, kwa kuwa ndugu yangu alikuwa amelitoa kulijaribu, kama fundi yeyote afanyavyo. Kijana akasimama barabarani akapiga kelele kwamba ameibiwa. Watu wa bodaboda wakawasha pikipiki. Walimkuta upande wa Riruta akiwa tayari anarudi, polepole, wakamvuta kupitia dirishani. Pale palikuwa panachimbwa mtaro, mawe yalikuwa tele. Gereji walinipigia simu; nilipofika nilimtambua kwa ovaroli, maana uso haukuwa uso tena. Mmoja wao alikuwa bado anampiga mateke, bila hasira, kama mtu anayemalizia kazi.

Kwetu magharibi, aliyeuawa kwa jina la mwizi hapitishwi langoni. Ua hukatwa nyuma ya boma, anaingizwa kupitia hapo, anazikwa mpakani bila wimbo. Baba mdogo alinipigia simu akaniambia wazee hawatanisikia mimi, kwa sababu dada lazima atetee. Wangemsikia yule aliyepiga kelele, akija mwenyewe. Basi nikaenda nyumbani kwa kina kijana nikakaa nje ya geti mpaka akatoka. Alikubali huku analia. Nilipanda gari lake ili asije akageuza njiani.

Baada ya Limuru barabara ilianza kuteremka na Bonde la Ufa likafunguka upande wangu, lote, na Longonot katikati kama chungu kilichovunjwa mdomo. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri hivyo. Kijana aliendesha kama anayetaka tufe, na mimi sikumwambia apunguze. Kwenye kona alilipita lori, na lori jingine likatokea mbele. Alikanyaga breki. Gari lilishika palepale, limenyooka, nikarushwa mbele mpaka mshipi ukanikata bega. Lori lilipita likipiga honi.

Alisimamisha gari mahali watu hupigia picha. Muuza kofia za ngozi ya kondoo alitujia.

"Mathe, umeomoka! Huyu ni mtoto ama ni mjamaa?" aliniuliza, akidhani nimetajirika au nimepata mpenzi kijana. "Mwambie akununulie kofia, ama pesa yote imeisha kwa petroli?"

Alipoona hatununui, akaenda zake. Kijana alikuwa amesimama ukingoni, amenipa mgongo. Chini yake kulikuwa na miamba na miti midogo. Niliona ni rahisi. Mkono mmoja ungetosha. Sikumfikiria Mungu. Nililifikiria lango la kwetu, na mikono yangu nikaiweka ndani ya leso.

"Aunty, siwezi," alisema bila kugeuka. "Wataniua."

"Labda."

"Nitatuma wakili aseme."

"Wakili ndiye aliyepiga kelele?"

Aligeuka akalielekea gari. Halafu akasema, "Hizi breki zilikuwa hazishiki. Ndiyo maana nilimpelekea."

"Sasa umeona zimeshika."

Alilitazama gurudumu kwa muda, akarudi kwenye usukani. Kutoka hapo aliendesha polepole. Timboroa kulikuwa na mvua na miti myeusi, Kapsabet majani ya chai yalikuwa yameoshwa yanang'aa.

Nyumbani, kule kwenye mawe makubwa ya mlimani, tulikuta jeneza limewekwa nje ya boma juu ya viti. Ua ulikuwa umeshakatwa. Kijana alishuka, na kabla hajafungua mdomo binamu yangu alimpiga ngumi ya meno. Akaanguka. Wengine walimjia na fimbo. Nilijilaza juu yake, si kwa huruma. Nilikuwa nimemleta aseme, na alikuwa hajasema.

"Acheni kwanza aongee," nilisema. "Acheni aongee."

Alipiga magoti, damu inamtoka mdomoni. "Hakuwa mwizi. Mimi ndiye niliyepiga kelele na sikuuliza. Alikuwa ananitengenezea gari. Nimeteremka milima kwa breki zake, na ndizo zimenifikisha hapa."

"Rudia," baba mdogo alimwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia.

Kisha jiwe likapiga kioo cha mbele cha gari. Vijana waliligeukia gari. Walivunja vioo vyote, taa, milango ikabonyea kama sufuria. Ningeweza kuwazuia na sikuwazuia. Ile sauti ilinifaa. Kijana alikaa chini kando yangu akitazama, wala hakuomba.

Baba mdogo aliondoa kiti alichokuwa ameegemeza langoni ili jeneza lisipite. Lakini gari lilikuwa limesimama limeziba lango. Vijana walitupa mawe, wakalishika pande zote, wakaliinua na kuliweka pembeni. Kisha, kwa mikono ileile iliyokatwakatwa na vioo, wakambeba ndugu yangu, wakampitisha langoni. Wanawake wakaanza wimbo.