Kwenda Unguja kwa Kesi ya Makame

Niliondoka Songea kwa sababu ya simu mbili. Ya kwanza ilitoka katika kampuni ya mawakili ya Dar es Salaam, ikiniita kwenye usaili siku ya Alhamisi, mwisho wa mwezi. Ya pili niliipiga mwenyewe kwenda Unguja, kwa wakili aitwaye Bi Salha. Mwalimu wangu wa chuo ndiye aliyenipa namba yake, akanieleza kwamba ana ofisi ndogo Mji Mkongwe, na kwamba sehemu kubwa ya wiki yake huitumia kuwatetea watu bila malipo. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria na sina pa kushika. Nikamwomba nikae kwake mpaka siku ya usaili. Aliniuliza jambo moja tu.

"Asteria, unaweza kumsikiliza mtu bila kumkatiza?"

Nikasema naweza.

"Basi njoo."

Wenzangu tuliomaliza pamoja mmeniuliza mara nyingi kazi hizi za msaada wa kisheria zikoje, na nafasi zake hupatikanaje. Nitawasimulia safari yenyewe ilivyokwenda, kisha kila mtu apime.

Kutoka Dar nilivuka kwa boti ya asubuhi. Bahari ilichafuka, watu wengi wakatapika, nami nikashuka bandarini Malindi. Bi Salha alikuja mwenyewe kunipokea. Ni mama wa makamo, mrefu, wa zile koo za mjini zenye asili ya Uarabuni, na buibui lake lilikuwa limechakaa kwenye viwiko.

"Shikamoo, Bi Salha."

"Marahaba, mwanangu. Ushakula?"

Kabla sijajibu alishachukua mfuko wangu mmoja, akaingia vichochoroni. Nilimfuata nikijibana ukutani kila vespa ilipopita.

Ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa. Siku za mwanzo nilikaa kando nikisikiliza. Alikuja mwanamke aliyenyang'anywa shamba la karafuu na shemeji zake. Akaja mzee aliyefukuzwa kazi hotelini bila barua. Nilijifunza pia kwamba Bi Salha hafanyi kazi peke yake: vijijini wapo wasaidizi wa sheria, watu wa kawaida waliopewa mafunzo, ambao humpigia simu wanapoona jambo limewazidi. Wanafunzi wa sheria huja kwake wakati wa likizo. Wote niliowauliza walipata nafasi kama nilivyoipata mimi, kwa kupiga hodi na kuomba.

Kesi ya Makame ililetwa na mmoja wa wasaidizi hao, Bi Mize wa Kizimkazi. Makame ni kijana kiziwi tangu kuzaliwa. Hakupelekwa shule, hajui kusoma, na lugha ya alama inayofundishwa shuleni haijui. Kazi yake ilikuwa kuosha boti zinazowapeleka wageni kutazama pomboo. Mashine ya boti moja ikapotea, mwenye boti akamtaja yeye. Alipofikishwa mahakamani akasomewa shitaka, aliinamisha kichwa. Ikaandikwa kwamba amekiri kosa.

Tulimkuta mahabusu. Alikuwa amekonda, na kila mlango uliposukumwa macho yake yalikimbilia huko. Bi Salha alikuwa amekuja na mkalimani wa lugha ya alama. Mkalimani alijaribu kwa utulivu, akarudia, akachora hewani, kisha akatugeukia. "Hatufahamiani. Huyu ana alama zake za nyumbani. Mtafuteni aliyekua naye."

Bi Salha akaomba mahakama imruhusu Makame abadilishe jibu lake. Hakimu akasema sawa, lakini aletwe mtu atakayeweza kuzungumza naye. Asipopatikana, Alhamisi ataendelea na adhabu.

Alhamisi hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya usaili wangu.

Jumatano tulikwenda Kizimkazi kwa gari la Bi Salha. Tulipita Tunguu, tukapita msitu wa Jozani ambako magari hupunguza mwendo kwa ajili ya kima, na Kitogani tukakata kuelekea kusini. Bi Salha hakusema mengi. Mara moja tu alisema, "Aliyekua naye ni dada yake, Mwanakhamis. Na Mwanakhamis kaolewa na Vuai. Na Vuai ni mdogo wake huyo mwenye boti." Nikaelewa kwa nini uso wake ulikuwa mzito.

Bi Mize alitupeleka. Vuai alitukaribisha vizuri, akatandika mkeka, tukaletewa madafu. Mwanakhamis alikaa karibu na mlango, kanga kaivuta mpaka kwenye paji la uso. Alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kuonekana.

Bi Salha akaeleza alichokifuata. Vuai alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwenye mashine ni kaka yangu," akasema. "Tumezaliwa tumbo moja, na baba alipokufa yeye ndiye aliyenilea. Mnataka mke wangu akasimame mbele ya watu ampinge?"

"Hatumwiti ampinge mtu. Tunataka amsemee ndugu yake maneno yake mwenyewe."

"Maneno ya mahakamani nayajua. Mtu huenda na neno moja akarudi na kumi."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?" Bi Salha akauliza.

Vuai akamtazama mkewe. Sote tukamtazama. Mwanakhamis alizidi kuangalia mkeka. "Sina la kusema," akajibu, kwa sauti ndogo.

Nilitaka kumwambia kwamba Makame atafungwa kwa kosa ambalo hakuulizwa. Nikafungua mdomo. Bi Salha akaniwekea mkono juu ya goti, akaukaza. Akamshukuru Vuai kwa madafu, akanyanyuka.

Garini sikuweza kujizuia. "Kwa nini hukumwambia? Angejua yatakayompata Makame, angekuja."

"Anajua kuliko wewe," akasema. "Mimi nkimtisha leo akaja, kesho nnalala kwangu mjini, yeye analala pale. Bi Mize kabaki na namba yangu. Itatosha au haitatosha."

Jioni tulirudi mjini bila mtu. Tulipokuwa tukila aliniambia nisihangaike na mahakama, nikapande boti yangu. "Kesho mimi ntaomba siku nyingine. Hakimu akikataa, tutakata rufaa. Wewe una safari yako."

Alhamisi asubuhi nilivaa suti niliyoiazima kwa binamu yangu, nikachukua mifuko yangu, nikateremka kwenda bandarini. Tiketi nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa nimeshaingia kwenye foleni simu ilipolia.

Alikuwa Bi Salha, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea haraka. "Mwanakhamis katoka kwake baada ya sala ya alfajiri. Bi Mize kampandisha gari. Hajawahi kuja mjini peke yake na simu hana. Atashuka kituoni Kijangwani. Mimi nshaingia mahakamani, siwezi kutoka, kesi yetu ni ya pili. Nimempigia kijana wa duka la vitambaa, hapokei. Uko wapi?"

"Bandarini."

"Ushapanda?"

Mbele yangu walibaki watu wachache. Nilimwona mkaguzi akichana tiketi. Nilifikiria mama yangu, ambaye alishawaambia majirani kwamba naenda kuajiriwa Dar. Nilifikiria pia yule dada mjamzito akisimama katikati ya kituo, asijue ageukie wapi.

"Sijapanda," nikasema. "Naenda."

Nilipanda bodaboda, mfuko mmoja mgongoni na mwingine mapajani. Kijangwani magari ya kusini yalikuwa yanaingia moja baada ya jingine. Nilichungulia kila kanga. Gari la Kizimkazi likaja, watu wakashuka, yeye hakushuka. Nikauliza utingo, akasema hajui. Boti yangu ikapiga honi, nikaisikia mpaka pale. Nilikuwa naanza kuamini kwamba Vuai alimfuata njiani akamrudisha, ndipo nikaingia ndani ya gari kuhakikisha. Alikuwa kiti cha nyuma kabisa, kajikunyata, mikono imekamata kiti cha mbele.

"Dada Mwanakhamis. Mimi ni yule wa jana."

"Nakujua," akasema. "Naogopa kushuka."

Nikakaa pembeni yake. Sikujua la kumwambia, na nikakumbuka mkono wa Bi Salha juu ya goti langu. Nikanyamaza. Utingo alianza kutugombeza. Baada ya muda Mwanakhamis akavuta pumzi, akajifunga kanga vizuri, akasimama.

Mahakamani tulifika kesi ikiitwa. Chumba kilijaa. Makame alikuwa kizimbani, na alipomwona dada yake mikono yake ikaanza kwenda yenyewe, askari akamshika bega. Nyuma kabisa, upande wa kulia, alikaa mwenye boti, mtu mnene mwenye kovu juu ya nyusi. Mwanakhamis alimwona. Hatua yake ilikatika kidogo, kisha akaendelea.

Mwendesha mashtaka alipinga. Alisema huyu ni ndugu wa damu, atafasiri apendavyo. Bi Salha akajibu kwamba mkalimani rasmi atakaa karibu, na kwamba hakuna mwingine duniani anayemfahamu Makame. Hakimu alifikiri muda mrefu, kalamu ikigonga meza. Mwishowe akamruhusu Mwanakhamis aape.

"Muulize," akasema hakimu, "siku ile alipokuwa anasomewa shitaka, alielewa nini?"

Mwanakhamis akazungumza kwa mikono, na uso wake wote ukazungumza. Makame akajibu.

"Anasema ulikuwa unatazama karatasi, kisha ukamtazama yeye. Alidhani unamsalimia. Akakurudishia salamu kwa adabu."

Hakimu akaacha kugonga kalamu. Akasoma shitaka upya, polepole, akimpa Mwanakhamis nafasi baada ya kila kipande. Makame alitikisa mkono kwa nguvu kukataa. Halafu akaendelea kwa ishara, haraka haraka: akanyanyua kitu kizito, akasukuma mkokoteni, na mwisho akapitisha kidole juu ya nyusi yake.

Mimi sikuielewa alama ile. Lakini watu wa Kizimkazi waliokuwa chumbani waliielewa, maana vichwa viligeuka nyuma kwa pamoja.

"Anasemaje?" akauliza hakimu.

Mwanakhamis alishusha mikono yake. Bi Salha hakumtazama, alitazama meza yake.

"Mama, umeapa. Anasemaje?"

"Anasema kosa hakulitenda," akasema Mwanakhamis. "Anasema mashine aliipeleka kwa fundi kwa mkokoteni." Akageuka nyuma. "Na aliyemtuma aipeleke ni mwenye boti mwenyewe. Shemeji yangu, yule pale."

Mwenye boti akasimama, akatoka nje.

Siku hiyo jibu la Makame lilibadilishwa, ikaandikwa kwamba amekana kosa. Bi Mize na jirani yake wakaja kumdhamini, na alasiri tulimwona akitoka. Alimshika dada yake mikono yote miwili, kwa hiyo kwa muda hawakuweza kusema chochote.

Nilipiga simu Dar nikiwa uani mwa mahakama. Dada wa mapokezi alikuwa mpole. Alisema jopo limeshamaliza, na nafasi imepata mtu.

Nilibaki Unguja siku chache zaidi. Mwanakhamis alilala kwa Bi Salha usiku wa kwanza, kisha akaenda kwa mama yake, kwa sababu Vuai alikuwa ametuma ujumbe kwamba asirudi mpaka atakapomwita. Siku ya kuondoka nilimpigia kwa simu ya Bi Mize, nikamuuliza kama anajuta.

"Hakimu aliniuliza, nikajibu," akasema. "Ningejibu nini kingine?"

Kurudi bara bahari ilikuwa shwari. Nyumbani Songea mama hakunisemesha vizuri kwa siku kadhaa, halafu akazoea. Baadaye Bi Salha akanijulisha kwamba fundi alipatikana, akaeleza alichokijua, na shitaka likaondolewa. Kwa nini mwenye boti alimsingizia kijana asiyeweza kujitetea, sijui mpaka leo. Mwanakhamis amejifungua mtoto wa kike. Bado yuko kwa mama yake.

Nikamuuliza Bi Salha kama hatuwezi kumsaidia. "Tunaweza," akasema. "Akitaka. Nshamwambia mlango uko wazi, sasa nnamwacha aamue."

Basi hilo ndilo nililorudi nalo. Tunaziita kazi hizi za bure, kwa sababu mteja hatoi kitu. Lakini nilimwona Mwanakhamis akisimama pale, na najua kuna aliyelipa. Wakili asiyelijua hilo anaweza kushinda kesi akamwangusha mtu. Wenzangu mnaotaka kuingia huku, ingieni, nafasi zipo na kuomba ni rahisi. Ila jiulizeni kwanza kama mtaweza kungoja mtu avute pumzi.

Kesho narudi Unguja, na mama ameshanipikia vitumbua vya njiani. Bi Salha ameniwekea meza karibu na dirisha. Anasema meza hiyo ina mguu mmoja mfupi, nije na kipande cha ubao.